Kopo Halisikii Kilio

Kopo halisikii kilio. Mmeusikia leo kwenye mkutano wa maji, pale yule mama alipomjibu bwana wa mita za kadi, zile za kulipia maji kabla ya kuchota, watu wakacheka, nanyi mkacheka pamoja nao bila kujua mnachekea nini. Msione haya. Hata mwenyekiti alicheka, na sidhani kama anajua. Mnaniuliza msemo huu umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulitoka kambi namba tatu ya shamba la mkonge, huko upande wa Korogwe, na aliyeutamka mara ya kwanza ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Mimi nilikuwepo. Tena nina kosa langu humo ndani, kwa hiyo mkiniona nasita mahali, niacheni nipumzike kidogo, nitaendelea.

Kaka yangu Mbaruku alikuwa mkata mkonge. Mimi na mkewe, Sikudhani, tulikuwa tukianika singa. Majani ya mkonge yakishapita kwenye korona, ile mashine ya kuyasaga, hutoka nyuzi mbichi ndizo singa, nasi wanawake tulizibeba mafungu kwa mafungu tukazitandaza juu ya nyaya zikauke. Uwanja ule ulikuwa mkubwa, hauna mti hata mmoja, maana kivuli hakikaushi singa. Wenye watoto wachanga waliwaacha bandani, pembeni ya uwanja, chini ya uangalizi wa bibi wawili. Saa nne nyapara aligonga kipande cha reli, kina mama wakaenda kunyonyesha, na saa saba akagonga tena. Nje ya hapo hapakuwa na ruhusa. Ukiondoka kwenye nyaya kabla ya reli kulia, kadi yako ya kazi haitiwi alama, na siku hiyo umefanya kazi ya bure.

Sikudhani alikuwa amezika watoto wawili. Hakuna aliyefikisha siku arobaini. Huyu wa tatu, wa kike, alizaliwa mnene, analia kwa sauti kubwa, tukamwita Mashavu, na wifi yangu akawa anamtazama kila saa kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani. Hilo mkae nalo moyoni: alikuwa na hofu, na mwenye hofu huuziwa chochote.

Sasa mjue na imani yetu ya kambini. Tulisema kwamba mama akitoka juani, maziwa yake yamepata moto, nayo tuliyaita maziwa ya jua. Alitakiwa akae kivulini kwanza, anywe maji ya mtungini, akamue matone matatu chini, ndipo ampe mtoto. Nani alituambia? Sijui. Tulikuta wakubwa wakifanya, tukafanya.

Siku moja ya kliniki ilikuja gari yenye kipaza sauti, na ndani yake akatoka dada mmoja aliyevaa gauni jeupe na kofia ndogo nyeupe. Jina lake Filotea. Alikuwa mzuri, mpole, ananukia sabuni, na kila mtoto alimwita kwa jina. Alipanga makopo yake mezani pale barazani pa zahanati. Kila kopo lilikuwa na picha ya mtoto aliyenona hadi shingo haionekani. Akatueleza kwamba ndani yake mna maziwa ya unga, ya kitaalamu, na kwamba kila mama atapewa makopo mawili bila kutoa hata senti.

Zamu ya Sikudhani ilipofika, Filotea alimshika Mashavu kidevu, akauliza, "Mama huyu, unafanya kazi gani?"

"Naanika singa, dada."

"Juani?"

"Juani."

"Na ukitoka juani unampa mtoto maziwa hayo hayo?"

"Hapana! Huwa nakamua kwanza matone matatu."

Filotea akatabasamu. "Vizuri. Lakini tone la nne, mama, unajuaje kama limepoa?"

Nilimwona wifi yangu akibadilika uso. Alishika yale makopo, akayarudisha mezani, akayashika tena. Akanigeukia mimi. Na mimi, msichana wa miaka kumi na minane niliyedhani najua dunia, nikamwambia, "Chukua, wifi. Wale wawili waliokufa, kwani walinyonya nini?"

Neno hilo lilitoka katika mdomo wangu huu. Hakuna aliyenituma.

Alichukua. Na mwanzoni, jamani, mambo yalikuwa matamu. Bibi wa bandani walimnywesha Mashavu kwa chupa, Sikudhani akawa hana haja ya kukimbia reli ikilia. Alibaki kwenye nyaya, akamaliza mistari yake na ya ziada, na nyapara Hemedi alimsifu mbele ya watu, jambo ambalo Hemedi hakulifanya hata kwa mama yake. Makopo yalipokwisha niliyasugua kwa majivu, nikayapanga dirishani, picha zikitazama njiani ili wapitao waone sisi ni watu wa namna gani. Ndiyo, nilikuwa na majivuno. Cheka tu.

Basi ziwa lisiponyonywa huona mtoto hayupo tena. La Sikudhani lilijaa siku mbili tatu, likamuuma, akalifunga kwa kanga, likanyamaa. Makopo ya bure yalipokwisha, alimweka mtoto kifuani na hakikutoka kitu. Akaenda duka la kambi. Makopo yalikuwepo, yamepangwa vizuri, na kopo moja lilimeza karibu ujira wa wiki nzima, wakati Mashavu alilimaliza kabla wiki haijaisha. Kaka yangu alinunua la kwanza kwa mshahara, la pili kwa kuuza baiskeli yake. La tatu hakuwa na cha kulinunulia.

Hapo ndipo wifi yangu alipoanza kuupunguza unga. Kopo lilitaka vijiko vinne kwa chupa. Akatia vitatu. Mtoto hakufa, akatia viwili. Baadaye kimoja, maji yakaonekana meupe kidogo, kama ya kuoshea mchele. Na maji yenyewe ni ya mfereji uliotoka korona. Mashavu akaanza kuharisha. Akaacha kucheka. Mikono yake ikawa na ngozi iliyolegea kama soksi ya mtu mwingine. Siku za kliniki zilipofika, Sikudhani alisema kichwa kinamuuma, kumbe aliona aibu kumtundika mwanawe kwenye mizani mbele ya kina mama. Mimi nilijua. Nilifunga mdomo kwa sababu yale makopo dirishani yalikuwa bado yananitazama.

Aliyevunja ukimya ule ni Bi Kidawa, mkunga wetu, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili. Asubuhi moja aliingia ndani bila hodi, akafunua kanga iliyomfunika mtoto.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si ni Mashavu, bibi," wifi yangu akajibu.

"Mashavu. Na mashavu yenyewe yako wapi?"

Sikudhani akaangua kilio. Hakulia kwa kutukanwa. Alilia kwa sababu hatimaye kuna mtu amesema. Bi Kidawa akamwacha alie kidogo, kisha akamfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe, akatuambia, "Leo kliniki. Tangulieni mbele yangu, nisije nikageuka nyuma nikakuta mmepotea."

Tulipofika, gari yenye kipaza sauti ilikuwa pale pale, na Filotea nyuma ya meza yake, gauni jeupe limepigwa pasi. Foleni ilikuwa ndefu. Mizani ilipomwonyesha Mashavu, msaidizi wa mganga alitikisa kichwa, akaandika, akatwambia mtoto huyu akikosa lishe wiki hii asilaumiwe Mungu. Wifi yangu akaenda moja kwa moja hadi mezani.

"Dada, unanikumbuka? Ulinipa makopo mawili. Nisaidie mawili mengine."

Filotea alimtazama mtoto, na mkono wake ukasimama hewani. "Mama... haya ni ya waliojifungua mwezi huu tu. Wengine wananunua dukani."

"Sina cha kununulia. Na kifua kimekauka tangu ulipokuja."

"Siruhusiwi, mama. Yamehesabiwa."

"Anakufa, dada."

Filotea akainamisha macho. Bi Kidawa alifungua mbeleko, akamlaza Mashavu juu ya ile meza, katikati ya makopo, akarudi nyuma hatua moja. "Haya," alisema, "mtoto ndiye mwenye shida. Aombe mwenyewe."

Mashavu akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kikavu, kinakatika na kuanza tena. Wanawake wawili waliwakumbatia watoto wao. Makopo yalikuwa yamemzunguka, kila moja na mtoto wake mnene anayecheka, na hakuna kilichotokea ila mtoto kuendelea kulia.

Ghafla Filotea akakunja mikono kifuani, akajibana, kama mtu aliyeshikwa na baridi. Jua la saa nne lilikuwa linachoma. Sikudhani ndiye aliyeona kwanza, kwa kuwa ni mama. Akamshika mkono taratibu, akauondoa. Kwenye gauni jeupe palikuwa na mabaka mawili ya maji, moja huku na moja huku, yanapanuka.

"Dada," wifi yangu akamwuliza, "una mtoto mchanga?"

"Ninaye."

"Ana muda gani?"

"Miezi minne."

"Katika makopo haya, unampa lipi?"

Filotea akatazama gauni lake. Mabaka yakazidi kupanuka, naye hakuwa na pa kuyaficha. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, nasi tuliokuwa karibu tukasikia, "Simpi. Namkamulia asubuhi kabla sijatoka. Mama yangu anamnywesha kwa kijiko."

Mimi nilitaka kumrukia. Damu ilinipanda, nikaona nitamrarua lile gauni. Na huenda ningefanya hivyo, lakini wifi yangu alinizuia kwa kifua chake, akasema maneno ambayo hadi leo sijayasahau. Alisema tu, "Basi mpe na wangu."

Na Filotea akampa. Aliketi pale pale kwenye kiti chake cha kazi, mbele ya foleni nzima, akafungua vifungo, akamchukua Mashavu. Mtoto alihangaika, akakosa, akapata. Tukasikia anavyovuta. Dereva wa gari alipoona akageuka akaangalia matairi yake. Filotea alikuwa analia, machozi yanamdondokea mtoto kichwani, anayafuta kwa kofia yake.

"Mimi si nesi," alisema. "Nilikuwa nauza vitambaa Tanga. Walitupa gauni hili na maneno ya kusema. Nami nina mama na mtoto wa kulisha. Nisameheni."

Nasema kweli, wengine hawakutaka kumsamehe, na sikuwalaumu. Bi Kidawa ndiye aliyevuta pumzi, akauliza, "Mwanao ni wa kiume au wa kike?"

"Wa kiume."

"Jina lake?"

"Evarist."

Bi Kidawa akaigeukia foleni. "Mmesikia? Evarist wa Filotea na Mashavu wa Sikudhani ni ndugu wa ziwa kuanzia leo. Hawaoani. Isije ikawa miaka ishirini ijayo watu wanaleta posa kambini kwa kusahau." Foleni ikaitikia, "Tumesikia," na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mtu mmoja akacheka.

Kabla ya kuondoka Filotea alitoa makopo matatu ya mezani, yale yaliyohesabiwa, akamkabidhi Sikudhani. Akamwonyesha kijiko kinavyosawazishwa, akamwapisha achemshe maji. "Haya yakuvushe tu," akasema, "mpaka yako yarudi."

"Yatarudi?" Sikudhani akauliza.

Filotea alimwangalia Bi Kidawa, na Bi Kidawa akasema yatarudi, lakini si kwa kuyangoja.

Msidhani nawaambia kopo ni sumu. Wako watoto waliofiwa na mama zao, wakakuzwa kwa kopo, na leo ni watu wazima wana ndevu. Hata Mashavu zile siku alivushwa na kopo, kwa kipimo chake na maji yaliyochemka. Kosa lilikuwa kumwambia mwenye kisima kwamba maji yake mabovu, anunue ya mtungi, na yeye akiacha kuchota kisima kikauke.

Bi Kidawa alitupa kazi. Kila mtoto anapotaka kula awekwe kifuani, kitoke kitu kisitoke. Lakini mtoto gani atakubali kunyonya pakavu? Mashavu alivuta mara mbili, akakasirika, akapiga teke. Basi mkunga akatufundisha: Sikudhani amshike mtoto ziwani, na mtu mwingine adondoshe maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, juu ya ziwa, yateremke hadi mdomoni, mtoto adhani yanatoka humo. Kazi ya kijiko nilipewa mimi. Nadhani Bi Kidawa alijua kwa nini ananipa mimi. Nilikaa nimekunja mgongo mpaka ukauma, tone, tone, tone, na kila tone nilikuwa nikimwomba Mungu anifutie lile neno nililosema.

Wifi yangu alikula uji wa mtama na mbaazi na kisamvu. Kaka yangu alitafuta samaki mtoni. Siku ya tano kulitoka unyevu kidogo, tukashangilia kama watu waliopata mvua. Siku ya saba hapakutoka kitu, akakata tamaa, akasema niache kudondosha, anachoka kudanganya mtoto. Sikuacha. Tuligombana hasa siku hiyo, nikamwambia hata akinichukia nitadondosha.

Na kazi ya shamba haikumngoja. Alirudi kwenye nyaya. Ruhusa ni ile ile, saa nne na saa saba, na Hemedi hakupenda hata hiyo, maana alikuwa amezoea Sikudhani asiyeondoka.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, jua limeanza kupanda, reli bado sana kulia. Mimi na wifi yangu tulikuwa mstari mmoja, yeye upande ule wa waya na mimi upande huu, tunatandaza. Bandani mtoto mmoja akaanza kulia. Watoto bandani hulia kutwa, mtu hajali kila kilio. Lakini Sikudhani alisimama, singa mikononi. Akainama akaangalia kifua chake. Kanga ilikuwa imelowa.

Aliniangalia. Aliachia singa zikaanguka mavumbini, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya katika shamba lile, akashika njia akikimbia.

Hemedi akapiga ukelele kutoka ng'ambo. "Sikudhani! We Sikudhani! Reli haijalia! Unakwenda wapi?"

"Mtoto analia!"

"Si kuna kopo huko bandani? Wampe kopo!"

Hakusimama. Aligeuza kichwa tu, anakimbia, kanga imeng'ang'aniwa kwa mkono mmoja, akampigia kelele ambayo ilisikika uwanja mzima:

"Kopo lipo, nyapara! Lakini kopo halisikii kilio! Mimi nimesikia!"

Wanawake wote walisimama kwenye nyaya. Nami niliangusha singa zangu nikamfuata. Nilipofika bandani alikuwa amekwisha kaa chini, miguu imenyooshwa, Mashavu kifuani. Nilitafuta kijiko kwa mazoea. Wifi yangu akatikisa kichwa, nikakiweka. Nikasogeza sikio, nikamsikia mtoto anameza. Mara moja, mara mbili, hata nikapoteza hesabu, na maziwa mengine yanamtoka pembeni mwa mdomo yanaingia shingoni.

Siku ile kadi yake haikutiwa alama, wala yangu. Lakini kuanzia hapo mama yeyote aliyesikia mwanawe akaacha nyaya kabla ya reli, Hemedi alipofungua kinywa kumwita, uwanja mzima ulimjibu kwa pamoja kwa neno lile la Sikudhani, na mwisho akachoka kufungua kinywa. Wavunaji wakalibeba neno, likapanda malori ya mkonge, likafika sokoni, likafika hadi huku.

Kwa hiyo yule mama alipomjibu bwana wa mita kwa msemo huo, akimaanisha kwamba mita haitamjua mjane asiye na pesa ya kadi, wala haitajua kama ndani kuna mgonjwa, hakuwa akifanya mzaha. Kitu cha kununua kina faida yake, kitumieni. Ila siku ya shida msikae mkikitazama, mkidhani kitageuka kiwaulize mna nini. Mtafuteni mwenye kifua kitakacholowa. Kopo halisikii kilio.